SHA kwa sisi wa jua kali: nilivyopimwa uwezo, nilivyolipa, na kama inafaa

Kwa mwenye haraka: kama huna mshahara wa kukatwa mwisho wa mwezi, kupimwa uwezo wa kulipa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ni jambo la kufanya, mradi maswali uyajibu wewe mwenyewe ukiwa umekaa kwako. Mimi nilipangiwa shilingi 440 kwa mwezi, chini ya zile 500 za NHIF, bima ya zamani. Kwa kiasi hicho naipa nyota nne kati ya tano. Kwa namna ya kulipa naipa mbili.

Mimi ni fundi wa nguo Nakuru, mume wangu ni wa bodaboda, watoto ni watatu na wa mwisho bado ananyonya. Katika chama chetu cha akina mama, kila tukikutana lazima mtu aulize: wewe ulipangiwa ngapi? Mwingine anadakia kwamba yeye ana shida zaidi na bado amepangiwa zaidi, na kelele zinaanza. Wengi wanadhani kiasi kile hutolewa kama bahati nasibu. Sivyo, na ukielewa kinatoka wapi unajua pia kama umeonewa au la.

Enzi za NHIF, mtu wa jua kali alilipa 500 kila mwezi, awe anauza njugu kwenye kona au awe na duka la jumla. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, na kanuni ikawa asilimia 2.75 ya mapato. Aliyeajiriwa hukatwa kwenye mshahara wake wote: wa 20,000 anatoa 550, wa 100,000 anatoa 2,750, na juu hakuna kikomo. Chini kipo: hakuna anayelipa pungufu ya 300 kwa mwezi. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba anayelipa 300 na anayekatwa 13,750 kwa mshahara wa nusu milioni wana haki ya huduma zilezile. Mwenye nacho anambeba asiye nacho. Mimi siioni dhuluma hapo, ingawa shemeji yangu aliyeajiriwa na kaunti ana maneno mengi sana kuhusu jambo hili. Mke wake naye ameajiriwa, kwa hiyo nyumba yao moja inakatwa mara mbili. Hapo namwelewa.

Sisi tusio na hati ya mshahara ndio tunaopimwa. Serikali haiwezi kukaa kando ya cherehani yangu ihesabu suruali nilizopunguza kiuno, kwa hiyo badala ya kung'ang'ania unapata ngapi, inauliza unaishije. Ukuta wa nyumba ni wa nini, paa ni la nini, sakafu ni simiti au udongo. Maji mnatoa wapi. Choo ni cha aina gani. Mnapikia nini, mnawasha taa kwa nini. Mko wangapi, mmesoma mpaka wapi, mna mifugo gani. Majibu yanaingia kwenye hesabu, hesabu inakisia mapato ya kaya, na asilimia 2.75 inatolewa kwenye kisio hilo. Unaweza kujibu kwa simu ya kawaida kupitia *147#, au kwenye tovuti ya Afya Yangu, au kwa msaada wa mtu.

Mtu wa kukusaidia ndiye wa kuchagua kwa makini. Nilianzia kwenye saiba moja karibu na steji. Kijana wa kompyuta alikuwa na foleni, akaniuliza namba ya kitambulisho na namba ya simu, basi, kisha nikaona anabonyeza tu.

"Na hayo mengine?" nikamuuliza.

"Tulia mathe, hayo ni ya kujaza tu."

Nilipoinama kuangalia, alikuwa ameshatuandikia nyumba ya mawe, maji ya bomba ndani ya nyumba na choo cha kuflashi. Utajiri wa ghafla! Nikamwambia aache hapo hapo, nikamlipa muda wake nikaondoka. Ninaamini malalamiko mengi ninayosikia kwenye chama yalizaliwa kwenye viti kama kile: mtu anapangiwa kiasi cha nyumba ambayo hajawahi kuishi. Na kuna wenzangu walioandikishwa kwa namba ya simu ya mwenye saiba, kwa hiyo kila ujumbe wao unaenda kwa mtu ambaye hata sura zao hazikumbuki. Namba iwe yako.

Jumamosi jioni nikamwita mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, yule ambaye hupita kuuliza kama watoto wamechanjwa. Kuandikisha watu na kuwapima uwezo ni sehemu ya kazi yao, na hulipi chochote. Alikaa, akakunywa chai, akatoa simu ya kazi, na kila swali akalisoma kwa sauti.

"Mama, hapa niandike mnapikia gesi au makaa?"

"Gesi ikiwepo. Ikiisha, makaa."

"Na mwezi huu?"

"Makaa."

"Basi naandika kile mnachotumia zaidi. Ukuta?"

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Vyumba viwili vya kupanga, ukuta wa matofali, sakafu ya simiti, mabati juu, stima ya tokeni, maji na choo vya ploti. Nilipotaka kumwandika mama mkwe alinikatiza kwa upole: kaya ni mimi, mume wangu na watoto tunaowalea, hadi miaka 25 kama bado wanasoma. Wazazi hujiandikisha wenyewe na kupimwa wenyewe, hata kama mnakula chungu kimoja. Hili liliwashangaza wengi kwenye chama, kwa sababu nani kati yetu hamlishi mzazi? Lakini mzazi unayemtumia pesa kila mwezi hakupunguzii chochote kwenye kisio.

440 ilipotokea, nilifanya hesabu ambayo namshauri kila mtu aifanye. Chukua kiasi chako cha mwezi, ugawe kwa 0.0275. Yangu ikatoa 16,000. Maana yake nyumba yetu imekisiwa kuingiza shilingi 16,000 kwa mwezi, na sasa una kitu unachoweza kukilinganisha na ukweli wako. Januari, sare za shule peke yake hunipa zaidi ya hizo. Desemba ni harusi na nguo za Krismasi. Lakini Aprili mvua ikishika, pikipiki ikilala na wateja wakiwa wamemaliza pesa kwenye karo, tunashukuru tukifikisha 12,000. Ukipiga wastani wa mwaka mzima, 16,000 ni chini kidogo ya ukweli wetu. Sikubisha.

Kwa hesabu hiyohiyo, 500 ya NHIF ni sawa na mapato ya kama 18,000. Ukikisiwa chini ya hapo, SHA imekupunguzia. Ukikisiwa juu, imekuongezea. Kuna mwenzetu aliyekuwa akilia sana kwamba amepangiwa 990. Tukagawa pale pale: amekisiwa 36,000. Ana duka la vipodozi na mfanyakazi. Tukamwangalia, akaomba tuendelee na ajenda.

Lakini kipimo cha namna hii kina upofu wake, na siwezi kuusifu mfumo bila kuutaja. Kinaona vitu vinavyokaa mahali pamoja na kuviamini kupita kiasi. Mfikirie mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe yenye sakafu ya vigae na hana hata mia ya unga: nyumba inamsingizia pesa. Mfikirie mfugaji wa kaskazini aliyehesabiwa ng'ombe wake kabla ya kiangazi kilichowamaliza. Na upande wa pili yuko mfanyabiashara wa pesa taslimu anayejibana kwenye chumba cha mabati ili amalizie ploti kwao. Huyo atalipa kidogo, na majirani wote wanajua. Kisio ni picha ya siku ile ulipoulizwa. Maisha yakibadilika, usiikalie. Omba upimwe upya.

Chini kabisa nako kuna neno. Ile 300 ni asilimia 2.75 ya mapato ya kama 10,900. Aliye chini ya hapo hulipa 300 ileile, kwa hiyo mwenye 5,000 kwa mwezi anatoa asilimia 6, zaidi ya maradufu ya anachotoa bosi. Mama mkwe anapata shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Kwake 300 ni asilimia 15 ya pesa hizo. Kwa watu kama yeye serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba itawalipia wasiojiweza milioni 2.2, na nadhani hapo ndipo ruzuku inapostahili kwenda, kwa sababu kumpunguzia mtu asiye na kitu hadi 300 bado ni kumdai. Kwa sasa mama tunamlipia sisi, 3,600 kwa mwaka, tukigawana na yule shemeji wa maneno mengi. Mwandikisheni mzazi na apimwe hata kama hamna cha kumlipia leo. Asiyeonekana kwenye orodha yoyote hawezi kulipiwa na mtu.

Sasa zile nyota mbili. Mwenye mshahara hulipa mwezi kwa mwezi, pesa inatoka kabla hajaiona. Sisi ambao hatujui kesho italeta nini ndio tunaotakiwa kulipa mwaka mzima mbele. Kwangu ilikuwa 5,280. NHIF ilikuwa ya mwezi, na hata kama 500 ilikuwa kubwa zaidi, uliweza kuivizia. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, hakukuwa na nafasi ya kusema nitalipa nikipata. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika, pesa niliyokuwa nimeitengea mashine ya overloki ikaingia SHA kwa M-Pesa, na overloki ikasubiri. Asiye na chama afanye nini? Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomruhusu mtu wa jua kali kulipa kidogo kidogo. Ungekuwepo wakati ule ningeutumia, na nafikiri ndio ungepaswa kuwa mlango wa kawaida tangu siku ya kwanza. Kuwapima watu kwa umaskini wao kisha kuwadai kwa mkupuo ni vitu viwili visivyokaa pamoja.

Bima yenyewe nimeitumia. Kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani Levo ya 2 na ya 3, huhitaji hata kuwa umelipa mchango. Kujiandikisha kunatosha, gharama inatoka kwenye mfuko wa huduma za msingi, na kifua cha mtoto wa pili kimetibiwa huko bila mimi kufungua pochi. Mchango ndio unaokufungulia Levo ya 4 hadi ya 6. Wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji katika hospitali ya misheni. SHA hulipa 30,000 kwa upasuaji na 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida. Hospitali ilikuwa na orodha yake ya nyongeza, tukailipa huku tukinung'unika, lakini ile 30,000 peke yake ni karibu michango yetu ya miaka sita. Bila hiyo pikipiki ingeuzwa, na pikipiki ndiyo inayolipa kodi ya nyumba.

Mkizaa, msichelewe na cheti cha kuzaliwa, maana mtoto hawezi kuongezwa kwenye kaya kwa maneno. Na mume pia ajiandikishe kwa kitambulisho chake ndipo muunganishwe. Kuna baba alifika hospitalini akidhani jina la mkewe linamtosha.

Mwaka mpya wa malipo unakaribia na sasa tuko watano. Tunataka pia kuachana na makaa, tuhamie gesi moja kwa moja. Mume wangu ameniuliza kama si afadhali tusubiri tupimwe kwanza ndipo tununue mtungi. Nimemwambia hata wakitupandishia shilingi hamsini kwa mwezi, jiko letu la makaa linakula hizo kabla ya chakula cha jioni, tena linaniharibia gauni za wateja kwa moshi.