Uzoefu wangu na Label Studio: maafisa ugani wakihakiki majibu ya akili mnemba

Kama una programu ya akili mnemba inayowajibu watu kwa Kiswahili, na unatafuta mahali wataalamu wataweza kuyapitia majibu yake, Label Studio, programu ya kuweka alama na maoni kwenye data, inatosha kabisa kuanzia, hata toleo lake la bure. Mimi nimeitumia kwa programu inayowashauri wakulima wa mahindi. Wahakiki wangu ni mabwana shamba na mabibi shamba, watu ambao siku zao nyingi zinaishia shambani, si mbele ya kompyuta. Hao ndio niliowafikiria kwa kila nilichochagua, maana ukurasa ukimchosha mtaalamu hakuna uhakiki tena, kuna kubonyeza tu.

Kuiweka si kazi. Ukiwa na Python, lugha ya kuandikia programu, unaandika pip install label-studio, unaiwasha, inafunguka kwenye kivinjari. Leseni yake ni Apache 2.0, leseni ya programu huria, kwa hiyo unaruhusiwa kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Kwangu hilo lilikuwa na uzito: maswali ya wakulima huja na namba za simu na majina ya watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba na majina tuliyafuta kabla ya kupakia, na bado nilitaka yaliyobaki yasitoke kwenye mashine yetu.

Nilichoipendea zaidi ni kwamba ukurasa unaupanga wewe, kwa mistari michache inayofanana na HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti. Juu niliweka swali la mkulima kama alivyoliandika, makosa ya tahajia na yote. Chini yake jibu la programu, halafu chaguo mbili: Sahihi na Si sahihi. Mtaalamu akichagua Si sahihi, hapo ndipo sababu zinajitokeza: mdudu au ugonjwa si huo, dawa au kipimo si salama, jambo la lazima limeachwa, lugha haieleweki. Akichagua Sahihi haulizwi zaidi, anaendelea. Nyota moja hadi tano nilizikataa tangu mwanzo. Nyota tatu za mtu mmoja si nyota tatu za mwenzake, na fundi wa programu anayezisoma hajui arekebishe nini.

Nitoe mfano. Mkulima alieleza kuwa majani ya mahindi yametobokatoboka na kwenye moyo wa mmea kuna kitu kama unga wa mbao. Programu ikajibu kuwa ni funza wa mabua, ikataja na dawa. Bwana shamba mmoja akaweka Sahihi. Bibi shamba akaweka Si sahihi, na kwenye sanduku la maoni akaeleza kwamba hizo ni dalili za viwavijeshi vamizi, na kwamba jibu lilipaswa kumwambia mkulima amwangalie mdudu mwenyewe: Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Akaongeza kuwa dawa ielekezwe ndani ya moyo wa mmea, asubuhi na mapema au jioni. Mwenzake alikuwa na hoja pia, kwamba dawa iliyotajwa hutumika kwa wadudu wote wawili. Tuliwakutanisha, na mwongozo wanaoufuata wahakiki ukapata mstari mpya: jibu linalotaja mdudu bila kumpa mkulima njia ya kumtambua ni Si sahihi, hata kama dawa inafaa. Karibu kila mstari mzuri wa mwongozo wetu umezaliwa kwenye ubishi wa namna hiyo.

Toleo la bure lina mipaka yake, uijue mapema. Kila mwenye akaunti ana uwezo sawa na mwingine. Mgawanyo wa majukumu, hatua ya mhakiki wa pili, na vipimo vya jinsi wataalamu wanavyokubaliana viko kwenye toleo la kulipia. Ili wasiathiriane, nilifungua miradi miwili yenye maswali yale yale, kila mtaalamu na wake. Kisha nilipakua matokeo na kupiga hesabu ya kapa ya Cohen kwa Python, kipimo cha jinsi watu wawili wanavyokubaliana zaidi ya bahati.

Hesabu hiyo usiiruke. Chukua majibu 100, wataalamu wawili, kila mmoja kaweka Sahihi mara 90, na wamekubaliana kwenye 84. Asilimia 84 inapendeza kuisikia. Lakini kwa bahati tu wangekubaliana kwenye 82 (81 za Sahihi na 1 ya Si sahihi), kwa hiyo kapa ni kama 0.11, yaani karibu hawakubaliani kwa lolote zaidi ya bahati. Mwongozo wa hivyo haujakamilika, na kuongeza majibu mengine elfu hakutausaidia.

Faili unalopakua linaonyesha pia muda uliotumika kwa kila jibu, na jibu lililomkalisha mtaalamu muda mrefu mara nyingi ndilo lenye utata. Sikutumia muda huo kuwakimbiza watu. Walilipwa kwa saa, kwa sababu malipo ya kwa jibu yanamfundisha mtu kuharakisha, na hapa jibu baya linaweza kuishia kwenye bomba la kunyunyizia dawa.

Majibu yote waliyobishania tumeyatunza kwenye mradi wake. Tukibadilisha maelekezo tunayoipa modeli, yaani akili mnemba inayotunga majibu, maswali hayo ndiyo yanayopita kwanza, na majibu mapya yanarudi kwa wataalamu wale wale kabla mkulima yeyote hajayaona.