Punda au Maksai: Nani Avute Mkokoteni?

Mjadala huu hauishi Njoro na Molo, huku Nakuru, Kenya. Farasi tumwache kwanza: ana maradhi yake yanayoenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, humuua upesi, ilhali punda huyahimili. Hata Makaburu, walowezi wa Kizungu kutoka Afrika Kusini, waliotoka Nakuru mwaka 1908 kwenda Uasin Gishu, magari yao yalivutwa na maksai.

Kwa gharama, punda yuko mbele. Mmoja anatosha kuzungusha mitungi ya maji mtaani, na nyasi kavu anazila bila kununa. Ila mfungie matandiko laini. Ukimkaza kwa kamba tupu, kidonda cha bega kitakulaza nyumbani wiki nzima. Na jamani, fimbo si petroli!

Maksai wanataka jozi, nira na kijana wa kuwaongoza. Mwendo wao? Utafika sokoni viazi vimeshanunuliwa. Lakini kwenye tope la masika hawana mpinzani. Asubuhi wanalima, jioni wanabeba mavuno, na wakizeeka mchinjaji anawalipia vizuri.

Mchuuzi wa maji mjini, mimi ningempa punda. Mwenye ekari tano za kulima na malisho ya kutosha, maksai. Asiye na malisho kabisa akodi tu.