Uchambuzi wa Gundi Nyembamba ya Tamiya kwa Wajenzi wa Modeli za Vifaru na Meli

Watazamaji wapendwa, karibuni. Mezani kwangu leo ipo chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko cha kijani, na ndani yake mna mililita 40 za kimiminika kisicho na rangi. Hii ni Tamiya Extra Thin Cement, gundi ya kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani. Nimeichagua kwa sababu wengi wanaoanza kujenga modeli za vifaru na meli humalizia fedha zao kwenye bomba la kupulizia rangi, kisha huunganisha vipande kwa supa gluu ya dukani, na mwishowe hupata kifaru chenye rangi nzuri iliyofunika viungo vibaya. Msimamo wangu nautamka mapema: ukishanunua modeli yenyewe, fedha inayofuata iende kwenye gundi sahihi, kisu kikali na msasa. Rangi inaweza kusubiri.

Plastiki inayotumika katika modeli nyingi za aina hii ni polistirini. Gundi hii imetengenezwa kwa viyeyushi viwili, asetoni na butili asetati, na ndani yake hamna kitu kinachonata. Ikigusa polistirini huyeyusha tabaka jembamba la uso wa kila kipande, plastiki ya upande huu ikaingiliana na ya upande ule, kisha viyeyushi vikavukia na kuacha kipande kimoja. Asetoni ndiyo inayotangulia kuondoka, na kwa hiyo kiungo hushika mapema. Butili asetati huchelewa kidogo, ikakupa nafasi ya kunyoosha kilichopinda. Kiungo kilichofungwa hivyo, ukikilazimisha kuvunjika, mara nyingi huvunjikia pembeni mwa mshono. Supa gluu hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa, kwani huacha tabaka lake lenyewe katikati ya vipande viwili, tabaka lisilostahimili kishindo, na likishakomaa huwa gumu kuliko plastiki inayolizunguka, hivyo msasa hula plastiki pande zote mbili na kuacha mgongo wa gundi katikati.

Tazameni sasa kwa karibu. Hizi ni nusu mbili za mtutu wa mzinga wa kifaru cha skeli ya 1/35, yaani kilichopunguzwa mara 35. Nazishikanisha zikiwa kavu kabisa, nahakikisha zimelingana kuanzia kitako hadi mdomo, halafu ndipo nagusisha ncha ya brashi kwenye mshono, mahali pamoja tu. Mmeona? Gundi imekimbia yenyewe ndani ya ufa kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Sikupaka kitu, niligusa tu. Sasa nazibana nusu hizi kwa vidole taratibu, na kwenye mshono panajitokeza ukingo mdogo wa plastiki iliyoyeyuka, mwembamba mithili ya uzi na unaong'aa. Ukingo huo ndio ushahidi kwamba hakuna pengo lililobaki ndani. Usiufute, wala usiuguse. Uache hadi kesho ugumke, kisha uukwangue kwa mgongo wa kisu na upitishe msasa namba 400, halafu 600, halafu 1000, na mtutu utakuwa wa duara bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba ulitoka kiwandani ukiwa vipande viwili.

Jambo moja linahitaji uangalifu mkubwa, nalo ni mahali unapoweka vidole vyako. Kwa kuwa gundi hufuata kila upenyo inaoupata, kidole kikikaa juu ya mshono itapenya chini ya kidole hicho pia, na ukikiinua utakuta alama zote za ngozi yako zimechapwa kwenye plastiki. Shikilia kipande mbali na mshono, au tumia tepu na vibanio, na uache sehemu ya kugusisha brashi ikiwa wazi. Ikitokea tone likadondoka juu ya uso safi, uliache hapo likauke lenyewe, maana likiachwa huvukia na kubakiza doa hafifu linaloondoka kwa msasa mlaini, ilhali ukilifuta kwa kitambaa unakuwa umeukokota uso wote uliokwisha kulainika.

Kwa wajenzi wa vifaru, chupa hii hufanya kazi ambazo lebo yake haizitaji, na hapa ndipo thamani yake inapozidi bei. Kifaru cha Kijerumani cha Tiger I, kwa mfano, kiliundwa kwa mabamba mazito ya chuma yaliyolehemiwa. Bamba la mbele lilikuwa na unene wa milimita 100, na katika skeli ya 1/35 hilo ni chini kidogo ya milimita 3. Mishono ya kulehemu ilionekana wazi, na modeli isiyoionyesha inakosa uzito wa kile chuma. Chukua kijiti cha fremu iliyokuwa imeshikilia vipande, kipashe moto juu ya mshumaa hadi kilainike, kiondoe motoni na ukivute taratibu, utapata uzi wa plastiki. Zima mshumaa. Ulaze uzi kwenye kona ya mabamba mawili, upake gundi hii mara mbili tatu hadi ulainike, kisha kwa ncha butu ya kisu uuchapechape kwa vipigo vinavyofuatana kwa karibu. Ukikauka unakuwa mshono wa fundi wa kulehemu.

Kifaru cha Kisovieti cha T-34 kinadai jambo jingine. Minara yake mingi ya mzinga ilikuwa ya chuma cha kumimina, yenye uso wa chengachenga uliotokana na kalibu ya mchanga, wakati plastiki ya modeli mara nyingi huwa laini mno. Paka gundi hii juu ya mnara, eneo dogo kwa wakati mmoja, na kabla haijavukia udonoe uso huo kwa brashi kuukuu yenye nywele ngumu zilizokatwa fupi. Uso utakuwa wa chengachenga. Ukiona umezidi, subiri ukauke na uupunguze kwa msasa. Mnara uliotayarishwa hivi, ukipakwa rangi ya kijani na kupitishiwa rangi kavu kidogo kwenye miinuko, huonekana umetoka kiwanda cha chuma, na hakuna rangi ya bei yoyote inayoweza kuleta sura hiyo juu ya plastiki laini.

Ipo pia kazi ya kujaza mapengo. Katakata mabaki ya fremu vipande vidogo, vitie katika chupa ya pili yenye gundi kidogo, funga, uache usiku kucha. Utapata plastiki nzito ya majimaji ambayo ni ileile ya modeli yako, na kwa hiyo husuguliwa kwa msasa sawasawa na eneo linaloizunguka. Usiipake nene kwa mkupuo mmoja. Paka tabaka, subiri, paka jingine.

Tugeukie meli. Mradi ulio kwenye ubao huu ni manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, ile iliyoizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus hapo Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Rufiji, na kufikia mwisho wake humo tarehe 11 Julai 1915 baada ya kushambuliwa na meli za Kiingereza Severn na Mersey. Naijenga kwa karatasi ngumu za polistirini, bila kutumia vipande vilivyokatwa kiwandani, kwa sababu meli ambayo historia yake iko kwenye maji yetu inastahili kujengwa na mikono ya huku. Meli halisi ilikuwa na urefu wa mita 115.3, na kwa skeli ya 1/350 hiyo ni karibu sentimita 33. Mzinga wake mmoja bado umewekwa Fort Jesus, Mombasa, ambako mjenzi wa modeli anaweza kusimama mbele yake na kuutazama kwa utulivu. Kipenyo cha tundu la mtutu ule ni sentimita 10.5; kwenye modeli hii ni sehemu tatu za kumi za milimita.

Mkuku, yaani uti wa chini wa meli, na mataruma, yaani mbavu zake, nimevikata kwenye karatasi ya milimita 1, na hapo gundi nyembamba haina mpinzani: unasimamisha taruma kwenye mkuku, unapima kwa guni kwamba limesimama wima, unagusisha brashi pembeni, na limeshika kabla hujachoka kulishikilia. Kuvisha mbavu kwa karatasi ya nusu milimita kunahitaji subira. Anza na omo, yaani mbele, gandisha sehemu fupi, ngoja ishike, endelea kuelekea tezi, yaani nyuma, upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu, ili mwili wa meli usivutwe upande mmoja ukapinda. Karatasi ya robo milimita, ambayo naitumia kwa kingo za sitaha, inaweza kujikunja kabisa ikilowa sana. Gusa kidogo na usirudie. Kwa dohani tatu za manowari hii nimetumia mirija ya polistirini, na kila pete iliyoizunguka dohani imefungwa kwa mguso mmoja tu.

Brashi iliyomo kwenye kifuniko ni nyembamba na inatosha kabisa kwa vifaru vya 1/35. Kwa meli ya 1/350 ni kubwa. Natumia brashi ya rangi namba 000 isiyokuwa na kazi nyingine, nikiichovya na kuikung'uta kwenye mdomo wa chupa kabla ya kugusa mlingoti au boti za kuokolea.

Sasa mipaka yake, na mipaka hiyo ni ya kikemia. Gundi hii haishiki rezini (plastiki ya aina nyingine, inayomiminwa kwenye kalibu), haishiki reli na ngazi za shaba zinazowekwa kwenye sitaha, na haishiki vile vidude laini vya polithini vinavyowekwa ndani ya magurudumu ya vifaru. Kwa rezini na shaba, supa gluu au epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) ndiyo njia. Haishiki vizuri juu ya rangi, kwa hiyo kwangua rangi hadi uione plastiki pande zote mbili kabla ya kuunganisha. Haifai kumiminwa ndani ya uwazi uliozibwa, kwa sababu mvuke wake hukosa pa kutokea na plastiki hubaki laini kwa muda mrefu. Mshono uliokolea gundi nao huendelea kusinyaa polepole, na ukiusugua na kuupaka rangi mapema mno utaona mfereji mwembamba ukirudi juu ya kazi uliyodhani umeimaliza.

Wanaoishi pwani, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Lamu, wataona kwamba joto huharakisha kila kitu. Feni ikiwa inakupulizia moja kwa moja, gundi huvukia kabla ya kupenya ufa mrefu, hivyo ielekeze feni isukume hewa kutoka mezani kwenda dirishani. Hewa hiyo unaihitaji, kwa kuwa mvuke wa viyeyushi hivi huumiza kichwa na haufai kuvutwa chumbani palipofungwa. Mvuke huo pia unashika moto kwa urahisi sana, ndiyo maana nilisema uzime mshumaa kabla ya kupaka gundi. Vuta nyuzi zako zote kwanza, zima moto, kisha fungua gundi. Watoto waitumie mtu mzima akiwa amekaa nao. Na kwa kuwa ni kimiminika kinachowaka, usafirishaji wake kwa ndege una masharti makali, kwa hiyo ukiagiza kutoka nje, muulize muuzaji kabla ya kulipa kama anaruhusiwa kuituma.

Wengi hutaka kujua kama asetoni tupu au gundi ya mabomba ya PVC inaweza kuchukua nafasi yake. Asetoni peke yake huondoka haraka mno na kuuacha uso umeumia bila kiungo cha kuaminika. Gundi ya mabomba imetengenezwa kwa PVC, ni nzito na ina viyeyushi vikali kwa vipande vya ukubwa huu. Sipendekezi hata moja.

Tamiya wenyewe wanayo gundi nzito zaidi, iliyochanganywa na plastiki, inayopakwa kabla ya kushikanisha vipande. Hiyo ni bora kwa nyuso pana, kama sitaha ya meli kubwa inapokaa juu ya mwili wake, kwa sababu haikauki kabla hujafika mwisho. Ipo pia nyembamba inayokauka haraka zaidi, ambayo kwa joto la pwani siioni haja yake. Ukiweza kununua chupa moja tu, nunua hii ya kijani. Ichongee kibao chenye shimo ili isianguke, kwani chupa iliyopinduka juu ya modeli haiachi kitu cha kuokoa, na kaza kifuniko kila unapomaliza kugusa, hata kama unajua utaifungua tena baada ya dakika moja.