Vitenzi vya safari katika Thesaurus ya Roget: uhakiki

Peter Mark Roget, tabibu wa London aliyepata kuwa pia katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, alianza mwaka 1805 kukusanya maneno ya Kiingereza kwa matumizi yake mwenyewe, na hakuyatoa kitabuni hadi mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 73. Kitabu hicho ndicho Thesaurus, yaani kitabu kinachokusanya pamoja maneno yenye maana zinazokaribiana. Toleo ninalolihakiki hapa ni la mwaka 1911, ambalo linapatikana bure katika intaneti kupitia Project Gutenberg, na ndilo ambalo mwanafunzi wa Kiingereza asiye na fedha za kununua toleo jipya hulifikia kwa urahisi zaidi. Sikulipima kwa msamiati wote, bali kwa eneo moja tu, yaani vitenzi vya kusafiri na kuzurura, kwa kuwa Kiingereza kina utajiri mkubwa wa vitenzi hivyo, ilhali wanafunzi wengi huishia kwenye "go", "walk" na "travel".

Kitabu hakifuati alfabeti. Roget aliyagawa mawazo ya binadamu katika matabaka sita, kisha akayapanga ndani ya mafungu 1,000, ili mwenye wazo kichwani aweze kulitafutia neno, kinyume cha kamusi ya kawaida inayomtaka msomaji awe tayari na neno ndipo apewe maana. Safari imo katika tabaka la nafasi, chini ya mwendo. Fungu la 266 linahusu safari za nchi kavu, la 267 safari za majini na angani, la 268 linamtaja msafiri na la 269 baharia. Katika matoleo ya zamani yaliyochapwa, dhana zilizopingana ziliwekwa katika safu mbili zinazokabiliana, kama vile mwendo wa fungu la 264 na utulivu wa fungu la 265. Katika maandishi matupu ya kompyuta uzuri huo umepotea, na msomaji huona tu orodha ndefu iliyotenganishwa kwa mikato na nukta mikato.

Fungu la 266 ndilo lenye utamu na hatari. Ndani yake "rove", "prowl", "roam", "range" na "patrol" vimefuatana kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Ukweli ni kwamba "roam" humfaa yeyote anayetangatanga katika eneo pana bila kikomo, "prowl" ni mwendo wa anayenyemelea akitafuta cha kuwinda au cha kuiba, na "patrol" ni kazi ya askari mwenye zamu na njia aliyopangiwa. Mwandishi akisema kwamba mgeni wake "prowled" mjini jioni nzima, amekwisha kumtia katika orodha ya washukiwa, na hakuna hata herufi moja katika fungu hilo inayomtahadharisha. Hali ni hiyo hiyo kwa "stroll", "saunter" na "gad about": cha kwanza ni kupunga upepo, cha pili kina madaha na kutokuwa na haraka, na cha tatu kina lawama, kwani humsema anayezurura kutafuta starehe huku shughuli zake zikimngoja. Vitenzi vya miguu vinavyofuata vina uhai wa ajabu, tangu "trudge" ya anayejikokota kwa uchovu, "strut" ya mwenye maringo, hadi "toddle" ya mtoto anayekwenda tete, lakini anayefaidi uhai huo ni yule tu aliyekwisha kuvijua.

Sidhani kwamba Roget alipitiwa. Alikusudia kumkumbusha mwenye lugha neno lililomponyoka, si kumfundisha mgeni neno jipya, na kwa kazi hiyo fasili zingekuwa mzigo. Hata hivyo, wanaotumia kitabu hiki leo wengi wao si wale aliowalenga, na uhakiki wa haki hauna budi kuwatazama wao pia.

Upungufu unaonisumbua zaidi ni wa sarufi. Orodha haionyeshi kwamba "traverse" hudai yambwa, kwa maana lazima utaje kinachovukwa, au kwamba mtu anaweza ku-"roam" mitaa moja kwa moja lakini "saunter" kwa kawaida huhitaji kihusishi kabla ya mahali. "Wend" imewekwa peke yake, ilhali katika Kiingereza cha sasa ni nadra kuikuta bila "one's way". Kitenzi hicho, kwa kupita tu, ndicho kilichokipa "go" wakati wake uliopita, "went", kikabaki na "wended".

Umri wa toleo nao hujitokeza. "Peragrate" ni neno ambalo msomaji wa leo anaweza kuishi miaka mingi bila kukutana nalo. La hatari zaidi ni "expatiate", lililoorodheshwa karibu na vitenzi vya kuzurura kwa sababu zamani lilikuwa na maana ya kwenda huku na huko kwa uhuru. Siku hizi maana yake ni kueleza jambo kwa kirefu, na atakayelitumia kwa safari hataeleweka. Kwa upande wa pili, "hitchhike", yaani kusafiri kwa kuomba lifti barabarani, lilizaliwa baada ya toleo hili, kwa hiyo halimo.

Mpangilio kwa mafungu unalipa pale neno moja linapoishi katika nyumba zaidi ya moja. "Wander" limo katika fungu la safari, na limo tena katika fungu la 279 la kuacha njia, pamoja na "stray", "meander" na "digress", ambako kupotoka kwa miguu na kupotoka kwa maneno kumekaa mahali pamoja. Hapo mwanafunzi anajifunza jambo ambalo kamusi ya kialfabeti humficha, na anaweza kulipata kwa kupitia faharasa, ambayo mwana wa Roget, John Lewis, aliipanua sana.

Mwandishi au mfasiri ambaye Kiingereza chake kimekomaa atakitumia kitabu hiki kwa faida, na kwa kuwa hakilipiwi, hana sababu ya kukikosa. Mwanafunzi wa kiwango cha kati ningemshauri asikifungue kabla ya kuwa na kamusi ya wanafunzi yenye sentensi za mifano, na kila kitenzi anachokiokota katika fungu la 266 akihakiki humo kwanza. Mwenye uwezo wa kununua atafute toleo la karibuni, kwani wahariri waliofuata wamekuwa wakiongeza maneno mapya na kuondoa yaliyokufa.