No Man's Sky: Bonge la Gemu au Kiki Tupu?

Oya wadau, mambo vipi! Tupo Kirumba, Mwanza, kama kawaida, feni nimezima ili mnisikie, kwa hiyo mkiniona natiririka jasho msiulize. Leo No Man's Sky, gemu la kuzurura angani na chombo chako, sayari hadi sayari. Grafiki, saizi ya faili, sijui fremu ngapi, hayo mnayajua, tunaruka.

Sogeeni kwenye skrini. Nipo chini, sayari ya mawe matupu, yamebebana kama yetu ya kule Bugando. Naingia kwenye chombo. Nanyanyuka… mnaona mawe yanavyopungua? Sasa hivi ni kama dagaa walioanikwa. Sikati video, angalieni saa ile ukutani. Anga la kijani, linaiva, linaiva… jeusi. Nyota hizo! Hakuna skrini kuganda, hakuna "subiri". Ngoja nigeuze pua, naishukia ile sayari nyekundu. Nimerudia hiki kitu tangu jana, mpaka mama kaniuliza kama nimepata kazi ya urubani.

Sasa, gemu hilihili 2016 lilitukanwa vibaya. Lilivumishwa lina sayari nyingi kiasi kwamba unaandika 18, halafu sifuri 18 mbele yake. Sean Murray, bosi wa Hello Games waliolitengeneza, akiulizwa kama wachezaji wataonana mle ndani, anajibu ndiyo, ila ni nadra sana. Siku za mwanzo tu, watu wawili wakafika sehemu moja. Wamesimama palepale, hakuna anayemwona mwenzake! Kuonana kweli kulikuja 2018 na sasisho la NEXT. Aliyetoa dola 60 mwanzoni alikuwa na haki ya kununa. Mimi nimeokota diski ya mtumba Makoroboi, hakuna aliyeniahidi kitu, ndo maana nachekacheka. Hata sijui hapa napima gemu au napima bei.

Maana nimempa dogo wangu padi, dakika nne tu: "Kaka, sasa hapa unafunga vipi?" Huyo, karudi kibandani kwenye mpira wake.

Halafu niungame. Mwezi uliopita kuna gemu nililipa alama 9, mnalikumbuka. Nilikuwa nimecheza saa mbili, umeme ukakata, nikapandisha video na mzuka wangu. Juzi nimelimaliza. Ni 6. Mlionisema kwenye komenti mlikuwa sahihi, ila wewe uliyemtaja bibi yangu, hapana.

Hili nilikuja nalipa 9 vilevile. Lakini begi! Kila nikiokota jiwe, begi limejaa. Natupa, naokota, limejaa tena. Nusu saa jana nilikuwa napanga mizigo kama konda wa basi la Bukoba. 8. Au… saba na nusu, nisije nikarudi hapa kuungama tena.

Jumamosi usiku naingia laivu, mwenye gemu aje tuone kama tutaonana. Bando nishaweka.