Seti ya chupa nne za rangi ya Gram: uzoefu wangu

Seti ina chupa nne za plastiki, mililita 100 kila moja: kristali vayoleti, iodini, kiondoa rangi cha asetoni na alkoholi, na safranini nyekundu. Rangi hizi hugawa bakteria makundi mawili chini ya darubini: Gram chanya hubaki zambarau, Gram hasi huwa nyekundu. Nimeitumia muhula mzima hapa Mombasa. Kwa mwanafunzi wa udaktari anayeanza mikrobiolojia naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya karatasi ya maelekezo, inayosema chupa ya tatu ikae sekunde 30. Asetoni ikikaa muda huo inaweza kumvua rangi hata Staphylococcus aureus, bakteria wa Gram chanya, nawe utaandika "Gram hasi" bila wasiwasi wowote.

Kwa mpako (tabaka la bakteria juu ya slaidi), tumia tone dogo la maji na koloni (kifungu cha bakteria waliooteshwa) kidogo sana, utandaze mpaka maandishi ya gazeti yasomeke kupitia mpako. Mpako mnene hauvuliki rangi sawasawa, na hapo Gram hasi hujifanya chanya. Uache ukauke wenyewe. Wakati wa masika hewa yetu ni nzito na utachelewa, lakini ukiuharakisha motoni ungali majimaji, seli huharibika umbo. Ukikauka, pitisha slaidi mara 3 juu ya mwali wa taa ya spiriti. Ukiigusisha mgongo wa mkono, isikuunguze.

Vayoleti dakika 1, suuza. Iodini dakika 1, suuza. Sasa inamisha slaidi, udondoshe kiondoa rangi tone kwa tone hadi kinachotiririka kiache kuwa zambarau. Mpako mwembamba hautaki zaidi ya sekunde chache. Suuza papo hapo, kisha safranini dakika 1.

Hatua hii ya tatu ndiyo kiini cha mbinu aliyoieleza Hans Christian Gram mwaka 1884. Vayoleti na iodini hushikana zikawa chembe kubwa ndani ya seli. Kwenye Gram chanya, ukuta mnene wa peptidoglikani (wavu mgumu unaozunguka seli) hukazwa na alkoholi na kuzifungia humo. Kwenye Gram hasi utando wa nje wenye mafuta huyeyuka, ukuta mwembamba hauzuii kitu, rangi inatoka. Ndiyo maana koloni iliyozidi saa 24 hudanganya: kuta zimechakaa, chanya zinaonekana nyekundu.

Joto la pwani lina lake. Kifuniko kikilegea, asetoni huruka kabla ya alkoholi, na chupa ile ile hupungua nguvu wiki hadi wiki. Kwa hiyo usiamini saa pekee. Kila slaidi weka S. aureus upande mmoja, E. coli, ambaye ni Gram hasi, upande wa pili, sampuli katikati. Wa kwanza asipotoka zambarau na wa pili mwekundu, usisome katikati.

Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike kusuuzia mwisho. Yakikauka huacha fuwele zinazong'aa chini ya lenzi ya mara 100. Tumia maji yaliyokenekwa. Vayoleti nayo huganda chini ya chupa na kutoa vijisindano vinavyofanana na bakteria, basi ichuje kwanza. Iodini nzuri ina rangi ya chai ya mkandaa. Ikipauka kuwa manjano, imwage.

Ukifurika slaidi nzima, mililita 2 zinakwenda, yaani chupa inaisha kwa slaidi 50. Zungushia mpako duara la penseli ya nta, nusu mililita itatosha.

Kifua kikuu usikitafute kwa seti hii. Nta ya ukuta wake hukataa rangi hizi, kinahitaji Ziehl-Neelsen, mbinu nyingine ya kupaka rangi. Kwa mazoezi, ukoga wa meno uliokwanguliwa kwa kijiti unatosha kabisa: utaona minyororo ya kokasi (bakteria wa mviringo), bakteria wa umbo la fimbo, na rangi zote mbili kwenye uwanja mmoja. Vaa glavu, maana vayoleti ikiingia kwenye koti jeupe haitoki.