Vifaa vya picha za infraredi: pima lenzi kabla hujalipia kingine chochote

Malalamiko ninayoandikiwa na wasomaji yamekuwa ya aina moja. Mtu amenunua kichujio cha infraredi, yaani kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi kinachopitisha hasa mwanga usioonekana kwa macho, amesubiri siku yenye jua kali, amepiga miti, maji na vilima, halafu anafungua picha kwenye kompyuta na kukuta duara jeupe katikati, kama taa iliyowashwa nyuma ya ukungu. Wapo waliorudisha kamera dukani wakabadilishiwa, na duara likabaki palepale.

Duara hilo linatoka kwenye lenzi. Lenzi za kawaida hutengenezwa kwa ajili ya mwanga tunaouona, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Tando zinazopakwa kwenye vioo vyake ili kuzuia miakisiko huwa zimepangiwa mwanga huo. Ukivuka hapo, baadhi ya tando hushindwa kazi, na mwanga wa infraredi hubaki ukidundadunda kati ya vioo, mapezi ya tundu la lenzi na kihisi (sehemu ya kamera inayonasa picha) hadi ujikusanye katikati ya picha. Ukiwa umefungua tundu sana, kwenye f/2.8, huenda usilione. Ukibana tundu hadi f/11 au f/16, kama tunavyopenda sisi wa mandhari, linajitokeza wazi. Mara nyingi pia huzidi kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, kwa hiyo lenzi iliyotulia kwenye nanomita 720 inaweza kukuangusha kwenye 850.

Kinachoumiza zaidi ni mahali duara hilo linapotokea. Tangu Robert W. Wood alipochapisha picha zake za infraredi mwaka 1910, watu wamevutiwa na mambo mawili: majani yanayong'aa meupe, kwa kuwa yanaakisi infraredi kwa wingi, na anga safi inayokuwa nyeusi, kwa kuwa hewa inaitawanya kidogo sana. Doa hilo, yaani duara lile, likiangukia kwenye majani hujificha. Likiangukia kwenye anga au kwenye maji, picha imekwisha.

Na bei haisemi lolote hapa. Canon EF 50mm f/1.8 II inapendwa na wengi kwa picha za kawaida, lakini kwenye infraredi inajulikana kwa doa hilo. EF-S 18-55mm IS, ile inayofungashwa pamoja na kamera na watu kuidharau, hufanya kazi vizuri. Kwa hiyo usiniulize kamera ina megapikseli ngapi. Niambie una lenzi gani.

Kuipima ni rahisi. Ielekeze kwenye anga lisilo na wingu au ukuta uliomulikwa sawasawa, upige f/4, f/8, f/11 na f/16. Kama ni lenzi ya kuvuta, rudia ncha zote mbili. Kisha ongeza kontrasti kwenye programu, kwa sababu utaiongeza tu utakapohariri picha ya kweli. Kampuni ya Kolari Vision imeweka wazi orodha ya lenzi zilizopimwa kwa doa; isome kabla ya kutoa pesa.

Sasa ununue nini?

1. Kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), iliyobadilishwa kuwa ya wigo kamili, yaani imeondolewa kizuizi cha infraredi mbele ya kihisi, pamoja na kichujio cha Hoya R72. Hapa sifichi upendeleo wangu: R72 ndicho kichujio ninachompa kila anayeniuliza. Kinaanza kupitisha mwanga kwenye nanomita 720 hivi, kikiacha wekundu kidogo wa mwisho upite, na wekundu huo ndio unaokupa rangi za kuchezea baadaye. Ukitaka nyeusi na nyeupe kali, unafunga cha 830 au 850 kwenye kamera ileile. R72 ni cheusi karibu kabisa, kwa hiyo kwenye DSLR, kamera yenye kioo cha kuakisi inayokuonyesha mandhari kupitia lenzi, hutaona kitu ukichungulia. Kamera isiyo na kioo inakuonyesha picha kutoka kwenye kihisi chenyewe, na hata doa unaliona papo hapo.

2. Kamera iliyobadilishwa moja kwa moja kuwa ya 720. Hakuna kichujio cha kufunga na kufungua, na unapiga ukiishika mkononi. Umefungwa kwenye wimbi moja, basi. Kama ni DSLR, muulize aliyeibadilisha kama alirekebisha fokasi, maana infraredi haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida.

3. Kamera yako ilivyo, pamoja na R72. Mbele ya kihisi kuna kioo kilichowekwa makusudi kuzuia infraredi, kwa hiyo utahitaji tripodi na sekunde nyingi, wakati mwingine dakika. Majani yakitikiswa na upepo yatafifia. Panga picha na fokasi kwanza, kisha ndiyo ufunge kichujio. Kabla hujanunua, elekeza rimoti ya televisheni kwenye lenzi na ubonyeze: ukiona mwanga kwenye skrini, kuna kinachopita.

Vichujio vya bei ya chini vinatosha kwa kujaribu. Vile vya kuzungusha pete kutoka 530 hadi 750, viache.

Kinachonikera ni wauzaji. Niliwahi kumwomba muuzaji wa kamera zilizobadilishwa anionyeshe picha iliyopigwa kwa f/16. Akanitumia za f/4 tupu, nzuri mno, na nilipomsisitiza akanyamaza. Anajua anachoficha. Wengine wanauza mipangilio ya kuhariri kana kwamba ni siri ya ukoo, na kazi yenyewe ni hii: weka mizani ya weupe (rangi ambayo programu inaichukulia kuwa nyeupe) kwa kupima majani, kisha kwenye kichanganya chaneli cha Photoshop au GIMP, kwenye chaneli nyekundu weka nyekundu 0 na bluu 100, na kwenye chaneli ya bluu weka nyekundu 100 na bluu 0. Anga inakuwa ya bluu. Dakika moja, na watu wanalipishwa!

Piga RAW, yaani faili ghafi ya kihisi. Mizani ya weupe ya Lightroom, programu ya kuhariri ya Adobe, haishuki chini ya kelvini 2000, kwa hiyo picha hubaki nyekundu hadi utengeneze wasifu wa kamera (faili inayoiambia programu jinsi ya kusoma rangi zake) kwa DNG Profile Editor ya Adobe, ambayo ni ya bure. RawTherapee, ya bure pia, inashuka zaidi, na ina dawa ya doa dogo: piga fremu ya eneo lenye mwanga sawa kwa lenzi ileile, tundu lilelile na urefu uleule wa fokasi, kisha iache programu isawazishe picha yako kwa fremu hiyo. Doa kubwa halitoki hivyo, kwa sababu pale katikati kontrasti imeshapotea na hakuna kilichobaki cha kurudisha.

Kwa hiyo ukinunua lenzi iliyotumika, dai kwa maandishi haki ya kuirudisha baada ya jaribio la ukutani. Muuzaji akikataa, mwachie lenzi yake.